Dereva Kwenye Siti ya Abiria

Saa kumi na moja alfajiri ilimkuta Mzee Taratibu ameshapakia buti la gari mara tatu, na mara tatu amelipakua. Mara ya kwanza aliona mabegi yameelemea upande mmoja. Mara ya pili alikumbuka kwamba jeki haikai chini ya mizigo, maana tairi likipasuka, mtu hataki kuanza kuanika nguo za mkewe kando ya barabara ndipo aifikie. Mara ya tatu hakuwa na sababu yoyote. Mikono ilikuwa inamuwasha tu.

"Hayo mabegi yamekukosea nini?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni, chupa ya chai kwapani.

"Mizigo ikikaa vibaya gari halishiki njia."

"Ni gari dogo hilo, mume wangu. Siyo lori."

"Njia ni ile ile," akasema, akainama tena kwenye buti.

Mzee huyu aliendesha malori miaka thelathini na moja. Alipeleka saruji bara na kurudi na pamba, wiki mbili njiani, siku tatu nyumbani. Jina la Taratibu alipewa na madereva wenzake kwa kumcheka, kwa sababu hakuwahi kukimbizana na mtu. Walikuwa wakimpita wakipiga honi, wakimwambia akifika awasalimie wajukuu zao. Lakini katika miaka yote hiyo hakupindua mzigo hata mara moja, na waliomcheka wengine walimaliza kazi wakiwa na magongo, wengine hawakuimaliza.

Kampuni ilipouza malori yake, miaka miwili na nusu iliyopita, alirudi nyumbani moja kwa moja. Hapo ndipo mkewe alipogundua kwamba ameolewa na mtu asiyejua kukaa kitako. Alikaza bawaba za milango yote. Alihamisha tangi la maji, kisha akalirudisha palepale. Alipokosa cha kufanya, aliitia mafuta cherehani ya mkewe, ile iliyokaa barazani miaka ishirini ikilisha nyumba, na aliitia mafuta mengi mpaka yakachuruzika kwenye gauni la bibi harusi lililokuwa linasubiri pindo. Siku hiyo mkewe alimfukuza barazani kwa kipimio cha mbao, na majirani wakapata cha kusimulia.

Sasa bintiye, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa amenunua gari lake la kwanza na kupata likizo ya siku kumi. "Baba," alisema, "miaka yote ulikuwa unamwambia Mama ukistaafu utampeleka akaione barabara yako mpaka mwisho, mpaka ziwani. Twende." Kisha akauliza kama baba atapenda kuendesha.

"Gari lako, endesha wewe," mzee akajibu haraka, haraka mno kwa mtu wa jina lake. Binti alishangaa, lakini hakuuliza.

Sababu aliijua mzee peke yake. Miezi kumi na minne iliyopita alikwenda hospitali kwa ajili ya miwani ya kusomea, akatoka na habari nyingine kabisa. Daktari alimwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha karibu lote, na la kulia lilikuwa linafuata nyuma yake polepole. Kilichopotea hakirudi, alisema daktari, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone. Na kuendesha gari, basi. Mzee alishukuru, akatoka nje, akakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka walinzi wakamuuliza anamsubiri nani. Chupa ya dawa aliificha kwenye kikopo chake cha kunyolea ndevu, na hakumwambia mtu.

Waliondoka kukiwa kunapambazuka. Binti alishika usukani, mzee akakaa kushoto kwake. Nyuma walikaa mkewe na mjukuu, msichana wa miaka minane waliyemwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake ulifungwa na usingizi tu.

Kabla mji haujaisha, mguu wa kulia wa mzee ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Kila tuta, kila mtu aliyesogelea barabara, mzee alikanyaga.

"Baba," binti akasema, "ukitoboa sakafu tutaanza kukimbia kwa miguu."

"Unamkaribia mno huyo wa mbele."

"Huyo wa mbele ameegesha, Baba."

Mzee alifungua kioo, akakifunga. Alivuta mkanda, akaulegeza. Halafu akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Simamisha. Gurudumu la nyuma linalia."

Binti alisimamisha. Mzee akashuka, akapiga matairi teke moja moja, akayatikisa kwa mikono miwili, akalala chini na shati lake safi. Hakuona kitu. Walipoondoka mlio ukarudi, kli-kli-kli. Wakasimama tena, na mara hii aliinua gari kwa jeki na kuzungusha gurudumu zima huku jasho likimtoka na magari yakimpita. Mara ya tatu aliposema "simamisha," Kasuku akatoa kichwa katikati ya siti.

"Babu, ni mifuniko ya Bibi."

"Mifuniko gani?"

"Ya masufuria. Kwenye buti. Nilimwona anaiingiza ulipokwenda kufunga geti."

Wote wakageuka. Mama alikuwa anatazama nje dirishani kwa bidii. "Siwezi kupikia kwenye vyombo vya watu nisiowajua," alisema mwishowe. Binti akacheka mpaka akaegemea usukani, Kasuku akacheka kwa sababu mama yake anacheka, na mzee naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Aliporudi kwenye siti alivificha kiganjani vile vifuniko vya nati za tairi alivyokuwa bado hajavirudishia, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Kadiri jua lilivyopanda alizidi kuhangaika. Alitaka mkewe aone kila kitu, na kila kitu kilikuwa kinapita upesi. "Tazama kulia, mama! Pale nililala siku nne mvua ilipokata daraja." Mama alitazama kulia, akaona daraja jipya na mbuzi watatu. "Pale kulikuwa na mti, tulikuwa tunafunga turubai tunapika." Mti haukuwepo. Hoteli ya jirani na mizani, mahali malori hupimwa uzito, ambako alikuwa anakula kila safari na mwenyewe alikuwa anamwekea kiti, ilikuwa sasa duka la simu. Walikula kwingine, mkate na mayai ya kuchemsha, na msichana aliyewahudumia alimwita "mzee wangu" kama anavyowaita wazee wote.

"Miaka thelathini na moja," mama alisema huku akimenya yai, "barabara hii nilikuwa naijua kwa uchafu wa kola za mashati yako. Wekundu, najua umepita milimani. Weupe, najua ni saruji." Alisema kwa utani, lakini mzee alishindwa kumaliza yai lake.

Ilikuwa saa saba mchana. Binti alikuwa ametoka zamu ya usiku jana yake, na usingizi wa saa tano haukumtosha. Alipiga miayo mara moja, mbili, kisha akampa baba yake funguo juu ya meza.

"Nishikie saa moja tu, Baba. Kutoka hapa ni nyoofu, wewe mwenyewe umesema. Nitalala kidogo."

Mzee alizitazama zile funguo. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilimfika kooni, akalimeza pamoja na chai. Alijiambia kwamba njia hii anaijua kuliko nyumba yake. Alijiambia ni saa moja tu. Na ukweli mwingine, ambao hakujiambia, ni kwamba vidole vyake vilikuwa vimeshazifunga zile funguo kabla kichwa hakijakata shauri.

Kwa nusu saa alikuwa mtu mwingine. Mabega yalishuka, mguu ukapata breki yake, na hata mlio wa mifuniko haukumsumbua tena. Binti alilala siti ya kushoto, mdomo wazi. Mama nyuma akasema, "Kumbe ndivyo unavyokuwa." Mzee akatabasamu kwenye kioo. Alikuwa anageuza kichwa kushoto mara kwa mara, kama kuku, ili jicho la kulia lifanye kazi ya mawili. Basi kubwa likaja mbele yao, akalikazia macho mpaka likapita. Kwa muda huo hakugeuza kichwa.

"Babu, baiskeli!"

Sauti ya Kasuku ilimfikia kabla ya kitu chenyewe. Alikata usukani kulia, akakanyaga breki, na ubavuni mwa gari kukasikika kishindo laini, kama godoro linalopigwa. Kioo cha pembeni kilipinda. Gari lilisimama katikati ya barabara, na majani mabichi yalikuwa yametapakaa juu ya boneti.

Mzee hakukumbuka kufungua mlango. Alijikuta amekwisha kufika ukingoni. Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa kwenye nyasi za mtaro, viatu vimemtoka, na baiskeli ikiwa imelala juu ya mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Umeumia, mama? Umeumia wapi?"

Mwanamke alijipapasa viwiko, akasimama, akajikung'uta. Hakuwa na jeraha, ila hasira. "Nimekwepa shimo, shimo moja tu! Njia nzima ni yako, jua limewaka hivi, na mimi nimebeba mzigo mkubwa kuliko mlango! Mzee mzima! Hayo macho umeyaweka ya nini?"

Binti alikuwa ameshuka, mama ameshuka, Kasuku amemshika bibi yake nguo. Wote walisimama nyuma yake. Mzee alimtazama yule mwanamke, na jibu aliloficha miezi yote likamtoka mbele ya mtu asiyemjua hata kidogo.

"Hayaoni, mama. La kushoto halioni kabisa. Sikukuona."

Mwanamke akamtazama tena machoni.

Mzee alipiga magoti akaanza kukusanya majani. Aliyapanga, akayabana kwa goti, akayafunga kwa kamba kwa fundo la watu wa malori, lile linalokaza kila linapovutwa. Binti alimkagua mwanamke mikono na mbavu, kama alivyokuwa akikagua watoto wa wodini, akamnyooshea usukani wa baiskeli. Mwanamke alijaribu kulitikisa lile fundo, likakataa. "Kufunga unajua," alisema. Kisha kwa sauti ya chini zaidi, "Lakini usiendeshe tena, mzee wangu. Mimi nina watoto." Akaondoka kwa miguu akiisukuma baiskeli.

Binti ndiye aliyeanza. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Miezi kumi na minne."

"Presha ya macho?"

"Ndiyo."

"Dawa unaweka?"

"Asubuhi na jioni. Siachi."

"Mimi muuguzi," binti akasema, na uso wake ukabadilika. "Nimekaa na wewe meza moja kila Jumapili. Nimekupa funguo mimi mwenyewe."

Mama alikuwa amemkumbatia mjukuu, na mkono wake ulikuwa unapapasa kichwa cha mtoto kana kwamba unahesabu nywele. Hatimaye akasema, "Nimempandisha mjukuu wangu kwenye gari hili." Akafungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda.

Mzee akaenda nyuma.

Walikwenda saa nzima. Binti hakuhitaji tena kulala. Mzee aliweka mikono juu ya magoti, akaitoa, akaikunja, akaitia mifukoni. Kila alipovuta pumzi aliona imekuwa na kelele. Kasuku, ambaye hajawahi kunyamaza saa nzima tangu aanze kusema, alisogea karibu naye akanyoosha kidole.

"Babu, hapa unaniona?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Kidole kikasogea polepole mbele ya uso wake, kama konokono. "Na hapa?"

"Hapo kama kivuli."

"Na hapa?"

"Hapo nakuona. Kucha yako ina wino."

"Kwa hiyo nikikaa hapa," mtoto akasema, akamruka magotini na kuhamia upande wake wa kulia, "unaniona nzima?"

"Nakuona nzima."

Mbele, mama aliinua mkono akamgusa binti yake begani. "Simamisha."

Walisimama juu ya mwinuko, mahali barabara inapoanza kuteremka na mabonde yakafunguka mpaka mbali. Mama alishuka, akatembea hatua kadhaa, akasimama akiwapa mgongo. Mzee alimfuata. Hakujua asimame wapi, akasimama nyuma yake kidogo.

"Dawa ulikuwa unaweka wapi?"

"Kwenye kikopo cha kunyolea."

"Kila asubuhi nakuona unaingia bafuni na kile kikopo. Nasema moyoni, mume wangu anazeeka, ameanza kujipenda." Aligeuka, na machozi yalikuwa yamekauka mashavuni bila kufutwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema tubaki nyumbani tuuguze macho. Nami nilitaka uione njia hii wakati bado naweza kukuonyesha kwa kidole. Jicho hili la kulia sijui litanipa miaka mingapi."

"Mwanamke yule angekufa."

"Najua."

"Mtoto wetu, mjukuu wetu."

"Najua, mama. Sina la kujitetea. Niliona aibu. Dereva kipofu ni nini? Ni bure."

"Nani amekuambia niliolewa na dereva?" Mama alisema kwa ukali uliowafikia hata waliokuwa garini. "Dereva alikuwa siku tatu nyumbani na wiki mbili hayupo. Mimi kukungoja nimekuzoea, nimekungoja mpaka cherehani ikachakaa. Kudanganywa ndiko sijakuzoea, na sitakuzoea uzeeni." Alivuta pumzi. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Leo kilio kimetukosa kwa upana wa kioo."

Binti aliwakaribia kwa hadhari. "Mama, tugeuze turudi?"

"Turudi kufanya nini? Macho yameachwa nyumbani?" Mama alifuta uso kwa kiganja. "Twende. Ila kikopo kile nakishika mimi."

Waliingia kwenye mji wa kulala saa kumi na moja jioni. Nyumba ya wageni ilikuwa na ua mpana wa zege na vyumba sita vilivyopangwa kwa mstari. Binti alikuwa kwenye simu kabla hata ya kutoa mabegi, akimuuliza mwenzake wa kliniki ya macho, mara presha, mara upasuaji, mara nani daktari mzuri. Mzee alikuwa bado anatembea ua mzima, akikagua tairi, akijaribu kukinyoosha kile kioo, mpaka mama akamwita chumbani na kumkalisha kitandani.

"Tazama juu."

Tone la kwanza lilimwangukia puani. La pili shavuni. "Una mkono wa cherehani," mzee akasema.

"Nyamaza. Tazama juu."

La tatu likaingia. Mama alibaki ameshika kidevu chake kwa muda kuliko ilivyohitajika. Alikuwa bado na hasira, na mzee aliisikia kwenye vidole, lakini vidole havikutoka.

"Malori mlikuwa mnaegesha wapi hapa?" akauliza.

"Nyuma ya soko. Nitakuonyesha, siyo mbali."

Walitoka wawili. Nyuma ya soko palikuwa na kiwanja cha udongo uliogandamana, mafuta meusi yamekolea ardhini, na lori moja bovu lililoinuliwa juu ya mawe. Mama alipatazama kutoka kona hadi kona.

"Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa."

"Hapa tu? Na mimi nilikuwa nalala nikiwaza mko raha mustarehe, na wanawake wanawapikia!"

"Tulikuwa tunapikiana wenyewe. Nilikuwa naunguza."

Mama akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa yake, kisha akaendelea kuuliza, nani alilala wapi, maji mlitoa wapi, mvua ikinyesha je, na mzee akamjibu kila swali, akielekeza kwa kidole.

Safari iliendelea siku tisa zaidi, na hakuushika usukani tena. Mguu wake haukuacha kukanyaga sakafu, wala mdomo wake haukuacha kumwambia binti apunguze mwendo. Walifika ziwani siku ya tatu, na mama akasema maji ni mengi lakini upepo unaharibu nywele. Waliporudi nyumbani, kabla ya kufungua mabegi, walikwenda kliniki wote wanne. Daktari alimpasua jicho la kulia mwezi uliofuata, akasema limeshikilia vizuri. Leseni yake mzee aliipeleka mwenyewe ofisini. Karani alimwambia haikuwa lazima kuirudisha, angeiacha tu iishe muda wake.

"Ichukue," mzee akasema. "Mimi najijua. Ikikaa mfukoni, sitatulia."